Nimeshaoga, Mwanangu

Asubuhi za Kitangari huja zikiwa nyeupe. Ukungu hupanda kutoka bondeni, hupita katikati ya mikorosho, huingia uani, na mwisho husimama dirishani kama mgeni anayeona haya kupiga hodi. Katika Makazi ya Wazee ya Utulivu, wa kwanza kuuona ukungu huo alikuwa Bi Stamili. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na usingizi wake ulikuwa mwepesi kama wa kuku mwenye vifaranga.

Alilala chali. Ndivyo alivyolala jana na juzi. Tangu alipoanguka shambani akiokota korosho na nyonga yake ikavunjika, miguu ilikuwa yake kwa jina tu.

Mlango ukagongwa. Aliingia Pendo, mhudumu, msichana wa Lupaso mwenye mwendo wa haraka. Mkononi alishika ndoo ya maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umeamkaje mama?"

"Nimeamka."

"Mama, umeshaoga?"

"Nimeshaoga, mwanangu."

Pendo akaitazama ndoo yake. Maji yalikuwa hayajaguswa. Bi Stamili akautazama ukungu. Wote wawili walijua. Mtu asiyeweza hata kukaa peke yake, ameoga wapi? Nani kamtekea maji? Lakini mtoto hamwambii mama yake kwamba ni mwongo. Pendo akasema, "Haya mama," akabeba ndoo, akaenda chumba cha pili. Na tusimfiche, moyoni aliona nafuu kidogo. Wazee walikuwa wengi, wahudumu wawili tu, yeye na Happiness, na maji ya tangi yalikuwa ya kubembeleza.

Kwenye kitanda cha pili alikaa Bi Yuliana wa Chidya. Yeye alitembea kwa fimbo, na bafuni alikwenda mwenyewe.

"Mama Faruku," akasema, "wewe siku hizi unaoga na ukungu?"

"Naoga na macho," akajibu Bi Stamili.

"Basi macho yako yanang'aa kweli. Shingo ndiyo inalia."

Bi Stamili akacheka kidogo, kisha akageuza uso. Mzaha wa Yuliana haukumuuma. Kilichomuuma kilikuwa kingine, na alikuwa hajamwambia mtu.

Bi Stamili alijifunza kuswali angali msichana mdogo. Aliswali shambani, aliswali msibani, aliswali siku aliyomzaa Faruku kabla uchungu haujamzidi. Sasa alikuwa haswali. Khanga yake ilikuwa na mkojo wa usiku. Shuka lilikuwa na mkojo wa juzi. Adhana ikisikika kutoka msikitini, alifumba macho na kujifanya amelala. Aliogopa jambo moja tu. Aliogopa kufa katika hali ile, aende mbele ya Mola wake akiwa mchafu.

Akaona dawa ni kupunguza maji. Asipokunywa, hatakojoa. Asipokojoa, hatamsumbua mtoto wa watu. Kikombe cha chai alikinywa nusu. Maji ya kunywa aliyaacha yapoe, yapate vumbi, yamwagwe. Midomo ikakauka, ulimi ukawa mzito, na kichwa kikaanza kuelea.

Mchana na usiku vikachanganyika. Bi Stamili alikuwa akitembea bila miguu. Alijiona kijana tena, ana mtungi kichwani, anashuka bondeni pamoja na wanawake wenzake kabla jua halijatoka. Njia ni ndefu, mawe yana umande. Chini kabisa, chemchemi inasema peke yake. Anainama, anachota. Maji yanang'aa. Anapanda nayo mlima wote, shingo imenyooka, asimwage hata tone. Lakini akifika juu na kuutua mtungi, ndani hamna maji. Mna ukungu.

Kisha huamka, na mgongo unawaka moto.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yalikuwa yameanguka na kuozea nje ya dirisha, na harufu yake tamu na kali ilijaa chumbani. Ndani ya harufu hiyo kulikuwa na harufu nyingine. Happiness aliinusa alipokuja kufagia.

"Mabibo mwaka huu yananuka vibaya," akasema, akafunga dirisha.

Mwanawe, Faruku, alipokuja kumwona kutoka Mtwara, alipokelewa vizuri. Shuka lilikuwa jipya. Pendo alikuwa amepuliza manukato chumbani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pale Utulivu. Wageni wakitarajiwa, mashuka hubadilishwa. Wageni wakiondoka, mashuka mazuri hurudi kabatini. Bi Stamili alifumba macho, akasikia mwanawe akivuta pumzi puani mara mbili.

"Nini hiki?" Faruku akauliza.

"Mabibo, kaka," Pendo akajibu. Naye aliamini anachosema.

Faruku akamwekea mama yake doti ya khanga mpya miguuni, akakaa kidogo, akaenda. Bi Stamili hakufumbua macho. Angemwambia nini? Mama hamwambii mwanawe wa kiume mambo ya mwili wake.

Siku chache baadaye alikuja muuguzi wa zahanati, Sista Winfrida, kuwapima wazee presha. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mpole. Alipofika kwa Bi Stamili alimshika mkono, akaifinya ngozi kidogo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Unakunywa maji, bibi?"

"Nakunywa."

"Umeoga leo?"

"Nimeoga."

Sista Winfrida hakubisha. Akatazama midomo, akatazama kucha, akafungua dirisha, akanusa nje. Akarudi ndani, akanusa tena.

"Hayo mabibo yako nje," akasema taratibu. "Kilichoko humu ndani si mabibo."

Akatoka. Chini ya dirisha akawaita Pendo na msimamizi wa makazi, Bwana Kasiani, mzee mwenye kofia ya kufuma na maneno machache. Bi Stamili aliwasikia akiwa kati ya usingizi na macho. Sauti zao zilimjia kama zinatoka chini ya maji.

"Huyu bibi haogeshwi," alisema Sista Winfrida.

"Sista, tunamwuliza kila siku," Pendo akajibu. "Anasema ameshaoga."

"Na wewe unamwamini?"

Pendo akaanza kuchora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Pendo, kwenu Lupaso bibi yako alipougua, nani alimwogesha?"

"Mimi."

"Na mama yako je? Akiugua leo, utamwogesha?"

"Mama?" Pendo akasita. "Ningemwita mama mdogo, au shangazi. Mimi kumvua mama nguo, ningeona haya. Na yeye asingekubali."

"Na bibi alikubali?"

"Bibi alikuwa ananitania. Ananiita mke mwenzake. Anasema namwogesha ili nimwibie mume." Pendo akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati. "Ahaa."

"Sasa humu ndani mnawaitaje hawa wazee?"

Aliyejibu ni Bwana Kasiani. "Mama na baba. Hiyo ni amri yangu mwenyewe. Nilikataza kuwaita babu na bibi. Niliona kama ni kuwaambia wamechakaa."

"Ulikuwa na nia njema," akasema Sista Winfrida. "Lakini umewafanya hawa wasichana kuwa watoto wao wa kuwazaa. Mtoto hamwoni mama yake uchi. Mjukuu ndiye mtani. Mjukuu anaruhusiwa kumsugua bibi yake mgongo huku anamsema. Mzee asiyeweza kusimama akikwambia ameshaoga, anakuomba usimwaibishe. Hajui namna nyingine ya kuomba."

Kuku mmoja akalia uani.

"Tena kuna la pili," Sista Winfrida akaendelea. "Heshima isiwe shuka la kufunikia uvivu. Bi Yuliana ameniambia, Faruku alipokuja mlibadilisha shuka. Kumbe mnajua namna ya kubadilisha."

"Maji, Sista," Bwana Kasiani akasema. "Unajua maji ya huku juu. Nayatunza kwa ajili ya jikoni."

"Hata mgonjwa wa kitandani hahitaji bwawa. Nusu ndoo ya vuguvugu, beseni mbili, vitambaa viwili, na mtu mwenye nafasi. Mkimwacha hivi, maji ya kuosha maiti yatapatikana tu. Hayo hayakosekani kamwe."

Bwana Kasiani akavua kofia yake.

Kesho yake ukungu ulikuja tena. Mlango ukagongwa, na Pendo akaingia. Safari hii alikuwa na beseni mbili na sabuni, na khanga begani. Hakusimama mlangoni kama siku zote. Alikuja moja kwa moja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo bibi."

Bi Stamili akageuza macho. "Umeniitaje?"

"Nimekuita bibi. Ulitaka nikuite mke mwenzangu mbele ya watu? Haya. Hujambo, mke mwenzangu?"

Bi Yuliana aliyekuwa anachana nywele akaacha chanuo hewani.

"Mume yupi tunayechangia?" Bi Stamili akauliza polepole. "Wangu amekufa zamani."

"Huyohuyo. Nilimwota jana. Amelalamika sana. Anasema, yule mwanamke mkubwa nilimwacha msafi, ananukia mdalasini, sasa nasikia amekuwa kama beberu."

Kifua cha Bi Stamili kikaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni.

"Mwongo wewe," akasema. "Marehemu hakuujua mdalasini. Alijua ugoro tu."

"Basi utaoga au nimwambie umekataa?"

Bi Stamili akatazama dirisha, akatazama mikono ya msichana. Hapo kulikuwa na neno lililokaa kooni muda mrefu. Kulisema wazi hakuweza. Akatafuta njia nyingine.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," akajibu Pendo.

"Nina shamba langu nyuma ya nyumba. Halioni jua. Sikupanda, na bado linaota."

Pendo akafikiri. "Uyoga."

"Siyo."

"Ukucha wa mguu," Bi Yuliana akadakia.

"Wewe hukutegewa. Siyo."

"Nimeshindwa, bibi."

"Nipe mji."

"Nakupa Masasi."

"Masasi siutaki. Nitapanda na nini milima ile?"

"Nakupa Newala na soko lake."

Bi Stamili akashusha pumzi. "Newala naichukua. Nilikwenda Newala, nikatembea sokoni kwa miguu yangu miwili, nikanunua samaki wakavu, nikarudi nyumbani. Nilipolala, nikaota kidonda mgongoni. Ndilo shamba lenyewe. Ni kidonda, mke mwenzangu. Linauma, na linanuka, na mimi sikujua nimwambie nani."

Pendo hakuinuka wala hakuziba pua. Alichukua khanga aliyokuja nayo, akaifunga kwa kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa ukutani, ikawa pazia kati ya kitanda na dunia. Kisha akamwambia, "Nikugeuze ubavu, bibi. Shika shingo yangu. Ukitaka kunitukana, nitukane."

Alipomgeuza, akakiona. Kilikuwa chini ya kiuno, pale ambapo mfupa hukaribia ngozi. Kilikuwa chekundu pembeni na kimechimbika katikati. Sauti yake alijitahidi isitetemeke.

"Limeota kweli shamba hili. Ngoja nimwite mwenye jembe."

Sista Winfrida alifika kabla jua halijakausha majani. Alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunika kwa bandeji safi. Aliwaita Pendo, Happiness na Bwana Kasiani wote wasimame karibu, lakini kwanza akamwomba mwenye mwili ruhusa.

"Bibi, nawaonyesha hawa. Unakubali?"

"Kasiani atazame ukuta," akasema Bi Stamili.

Bwana Kasiani akautazama ukuta, na masikio akayaacha wazi.

"Hiki kinaitwa kidonda cha kulalia," Sista Winfrida akaeleza. "Mtu akilalia sehemu moja muda mrefu, damu haipiti vizuri. Ngozi hufa taratibu. Mkojo ukikaa hapo, kinakuja upesi zaidi. Kwa hiyo mtamgeuza kila baada ya saa mbili. Ubavu wa kulia, kisha chali kidogo, kisha ubavu wa kushoto. Wekeni mto katikati ya magoti. Visigino vielee, visigandamizwe."

"Tunapomwogesha?" Pendo akauliza.

"Anzeni na uso, malizieni na sehemu za siri, kwa kitambaa kingine. Mwanamke anafutwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mnafunua mnapoosha tu, kwingine mnaacha pamefunikwa. Halafu mnakausha kwa kugusagusa, hamsugui. Kwenye mikunjo msisahau, chini ya matiti na kati ya vidole. Mkiona sehemu imekuwa nyekundu na hairudi rangi yake, msiikande. Mwondoeni asiilalie, kisha niiteni."

"Bibi yangu alikuwa anawekewa majivu kwenye kidonda," Happiness akasema.

"Majivu yabaki jikoni. Kidonda hakitaki majivu wala unga wa dawa usiojulikana. Kikiwa cheusi, au kikitoa usaha, au akipata homa, msiningoje. Hospitali moja kwa moja."

Kisha akainama karibu na mgonjwa. "Na wewe bibi, maji utakunywa. Nimesikia umefunga mfereji."

"Nikinywa nakojoa."

"Kojoa. Kazi ya hawa ni hiyo. Mkojo wa mtu asiyekunywa ni mkali, unaichoma ngozi. Utakunywa, utakula mbaazi na samaki na yai likipatikana. Kidonda hujengwa kwa chakula, kama nyumba inavyojengwa kwa tofali."

Bi Stamili akasitasita. "Na swala, Sista?"

"Mimi ni Mkristo, bibi. Hilo nisikudanganye. Nitamwomba Mwalimu Salmini apite."

Mwalimu Salmini wa msikitini alipita jioni. Alikaa nje ya pazia la khanga kwa adabu, fimbo yake magotini.

"Bibi Stamili, nani alikwambia uache?"

"Nguo zangu, mwalimu. Si safi."

"Mgonjwa anaswali anavyoweza. Aliyeshindwa kusimama akae, aliyeshindwa kukaa alale. Maji yakimdhuru, kuna vumbi safi la kutayamamu. Mola hakudai usichokuwa nacho." Akamgeukia Bwana Kasiani aliyekuwa mlangoni. "Wenye mikono mizima waliomwacha na uchafu, hao wana hesabu yao. Hiyo si hesabu yako."

Bwana Kasiani alilipokea neno hilo kama mtu anayepokea mzigo unaomstahili. Hakulitupa kwa Pendo wala Happiness. Wiki ile ile alikwenda Newala kwa viongozi wa makazi, akarudi na ruhusa ya kuajiri mhudumu wa tatu. Aliweka mabati ya kukinga mvua kwenye paa la jiko, maji yakaongezeka. Mashuka mazuri yakatoka kabatini, yakaanza kuchakaa kwa kufuliwa. Alfajiri maji yalichemshwa kwanza kwa ajili ya kuogesha, na chai ikafuata. Kila kitanda kikapata pazia lake. Meno yalisafishwa, hata ya wenye meno mawili. Kucha zilikatwa Ijumaa kwa Waislamu na Jumamosi kwa Wakristo, maana wenyewe walitaka hivyo. Na pale mlangoni, kila mzee aliulizwa apendavyo kuitwa. Wengi walichagua babu na bibi. Mmoja alitaka kuitwa Mheshimiwa, akaitwa.

Bi Yuliana pia akapata wivu.

"Mbona mimi nakwenda bafuni na fimbo yangu peke yangu kama mwizi?" akamwuliza Pendo. "Mgongo wangu haujafikiwa na mkono tangu Pasaka. Njoo unisugue, na mimi nina mume wa kukugombanisha naye."

Kidonda hakikupona kwa siku moja. Kidonda kina miguu ya konokono. Zilipita mvua za mwanzo, mikorosho ikamaliza kutoa, mabibo yakaisha, na harufu ile haikurudi. Shamba la Bi Stamili likaanza kufunga, likawa dogo kama sarafu, likawa alama ya waridi. Kichwa chake kikaacha kuelea. Aliendelea kuota, lakini siku hizi aliota mambo ya kawaida, mchwa ukutani na ugomvi wa majirani, na akiamka aliwasimulia wenzake kwa kuyatia chumvi.

Ijumaa moja baada ya kuogeshwa alisema, "Nikalisheni."

Pendo akampandisha kwenye mito. Alimvika ile doti aliyoleta Faruku, moja kiunoni, nyingine kichwani. Alimmiminia maji mikononi, usoni na miguuni, taratibu, kwa kopo. Bi Stamili alielekezwa kibla pale kitandani. Bi Yuliana akazima redio yake bila kuambiwa.

Aliswali kwa kukaa. Pale pa kuinama aliinamisha kichwa, na pale pa kusujudu alikiinamisha zaidi. Mwanga mweupe wa dirishani ulimwangukia begani. Chumba chote kilikuwa kama kimeshusha pumzi. Alipotoa salamu, aliinua mikono, akaanza dua. Aliwataja wafu wake mmoja mmoja, wazazi, marehemu mumewe, wanawe aliowazika wadogo. Akawataja walio hai, Faruku na watoto wake, na Yuliana wa Chidya pamoja na mgongo wake. Kisha akaikatiza dua katikati, mikono ikiwa bado juu.

"Pendo."

"Abee bibi."

"Wewe binti nani?"

"Binti Emmanuel."

"Emmanuel wa wapi?"

"Wa Lupaso."

"Lupaso ina akina Emmanuel wengi. Wako ana alama gani?"

Pendo akafikiri. "Ndiye anayewapulizia watu dawa kwenye mikorosho yao. Anachechemea kidogo."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Haya," akasema Bi Stamili. Akafumba macho, midomo ikaendelea kunong'ona, na akautaja mpaka mguu wenyewe, baraka isije ikaenda kwa binti wa Emmanuel mwingine.